Kemo imegoma kwa mdogo wetu: tuuze kihamba tumpeleke kwenye majaribio ya tiba?

Shikamoo Mama,

Mimi ni msomaji wako wa hapa Moshi, nauza mitumba pale Memorial. Naandika kwa ajili ya mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Ana miaka 31 na kazi yake ni kupandisha wageni mlimani. Alianza kama mgumu, akibeba mizigo, sasa ni kiongozi mwenye leseni.

Mwaka juzi alitokwa na uvimbe shingoni. Hospitali ya kwanza walisema ni TB ya tezi, akameza dawa kwa miezi huku uvimbe unazidi kukua. Tulipompeleka kwingine wakakata kinyama, majibu yakaja kwamba ni limfoma, saratani ya tezi za limfu, ile aina wanayoiandika DLBCL. Akapata kemo ya R-CHOP mizunguko 6. Uvimbe ulinywea, uzito ukarudi, hata mlima akaupanda tena. Haikupita miezi mingi ukarudi, safari hii na kwapani na tumboni. Wakabadilisha dawa. Picha ya CT ya juzi inaonyesha mitoki imeongezeka badala ya kupungua.

Daktari alituita pembeni mimi na kaka yetu mkubwa, akatuambia ugonjwa umekuwa sugu, na kwamba kwa hali kama hii wenzetu wa nje humtafutia mgonjwa nafasi kwenye majaribio ya tiba. Foleni ilikuwa ndefu, hakueleza zaidi. Mama, mdogo wetu hajui. Tumemwambia anapumzishwa kabla ya dripu zinazofuata. Mama mzazi anasema tukimwambia atakata tamaa aende kabla ya siku zake. Yeye kila asubuhi anamchemshia mizizi anayoletewa na mama mmoja wa jumuiya yao.

Sasa kuna mambo matatu mezani. Mgeni mmoja Mmarekani aliyewahi kufikishwa Uhuru na mdogo wetu ametutumia linki ya utafiti wa tiba iitwayo CAR-T huko kwao, nami nimekuambatishia namba ya utafiti huo. Kaka naye amempata mtu mtandaoni anayejiita wakala wa hospitali za nje. Anasema kwa dola 1,500 za usajili atamwingiza mdogo wetu kwenye utafiti India, kila kitu bure, na anataka tumtumie nakala ya pasi na picha za faili lote. La tatu, kaka ameshapata mnunuzi wa kipande cha kihamba chetu, shamba la ukoo, huku Kibosho na anataka tuuze kabla ya mwezi kuisha.

Je, majaribio haya mtu wa kawaida anayapataje? Ni bure kweli? Tuuze? Na kusema kweli naogopa wasije wakamgeuza panya wa maabara.

Dada yake,
Moshi

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana, na mama mfikishie pole yangu.

Umeuliza manne, lakini naanza na la tano ambalo hukuliuliza, kwa sababu hayo manne yote yamekwama hapo. Hakuna utafiti halali wa tiba, uwe wa Moshi, wa Mumbai au wa Houston, utakaompokea mtu mzima mwenye akili zake timamu ambaye hajui anaumwa nini na ugonjwa wake umefika wapi. Tangu Azimio la Helsinki la mwaka 1964, madaktari wa dunia nzima wamefungwa na sharti hilo: anayeingia kwenye utafiti aelezwe, aelewe, akubali kwa hiari yake. Fomu ya ridhaa ataisaini yeye. Kaka hawezi kumsainia, wewe huwezi, mama hawezi. Na fomu yenyewe haifichi kitu. Mapema kabisa imeandikwa kwamba utafiti huu ni wa watu ambao limfoma yao imerudi au imekataa dawa. Mnataka aisome habari hiyo kwa mara ya kwanza mbele ya mtu asiyemjua, nchi ya watu, kwa tafsiri ya mkalimani?

Halafu kuna hiki kihamba. Umeniambia yeye ni kitinda mimba. Kwa desturi ya Uchagani mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na shamba linaloizunguka. Kama kwenu mnaifuata desturi hiyo, basi mnataka kuuza mali yake bila yeye kujua, mlipie safari asiyoijua, kwa hali ambayo hajaambiwa. Sisemi mna nia mbaya. Nasema siku akijua, na atajua, hamtakuwa na jibu la kumpa.

Hofu ya mama naiheshimu, nimeisikia kwa wazazi wengi wodini kabla sijastaafu. Lakini mgonjwa aliyekaa kwenye chumba cha dripu amekaa na wenzake, wanapiga stori, wanalinganisha mizunguko. Mitoki anaishika kwa mkono wake mwenyewe kila anapooga. Usishangae ukikuta anajua zaidi yenu na ananyamaza ili asiwaumize. Na fikiria kazi yake. Huyu ni mtu ambaye amesimama Kibo usiku, mita 4,700 na zaidi, akamwambia mgeni aliyelipa maelfu ya dola kwamba leo hufiki kileleni, tunashuka. Habari ngumu anazifahamu, na anafahamu pia kwamba mtu akiambiwa mapema anashuka kwa miguu yake.

Mwombeni daktari muda maalumu, asubuhi kabla ya kliniki kujaa au siku isiyo ya kliniki. Mwende watatu: yeye, wewe na kaka. Mama abaki, atasimuliwa baadaye na mwanawe mwenyewe. Mwache daktari aanze kwa kumuuliza mdogo wako anaelewa nini kuhusu ugonjwa wake na angependa kujua kiasi gani. Wapo wagonjwa wanaosema, nielezeni kwa ufupi, mengine zungumzeni na dada. Hiyo pia ni haki yake, lakini aseme yeye.

Tukishapita hapo, tuje kwenye karatasi. Watu wengi wanadhani kazi ngumu ni kuupata utafiti. Kinachokwamisha zaidi ni kwamba utafiti ukipatikana, mgonjwa hana vitu vinavyotakiwa, na ugonjwa kama DLBCL hausubiri mtu atafute faili.

Cha kwanza ni nyama yenyewe. Ile biopsi ya mwanzo ilitengenezwa bloku za nta na slaidi, nazo zipo maabara ya patholojia. Ulizeni zilipo, ombeni zitunzwe, na muulize utaratibu wa kuzichukua au kuzituma. Ombeni pia ripoti kamili iliyochapwa. Ile sentensi moja iliyonakiliwa kwenye faili haitoshi. Ripoti iseme aina ya limfoma na majibu ya vipimo vya alama za seli, hasa CD20 na CD19. Alama hizo ndizo shabaha. Rituksimabu, ile R ya R-CHOP, inalenga CD20. Tiba nyingi za CAR-T kwa limfoma hii zinalenga CD19. Seli za saratani zilizopigwa na dawa zinaweza kuipoteza alama, ndiyo maana tafiti nyingi hutaka kinyama kipya kilichokatwa baada ya tiba ya mwisho. Kama tangu ugonjwa urudi hajakatwa tena, hilo ni swali la kumuuliza daktari siku hiyohiyo. Linasaidia hata kama hataenda utafiti wowote, maana uvimbe uliorudi unatakiwa uthibitishwe kwamba ni ugonjwa uleule. Mmeshaona wenyewe TB na limfoma zinavyofanana shingoni.

Cha pili ni tarehe. Chukueni daftari mwandike: kemo ya kwanza ilianza lini, ya mwisho lini, uvimbe ulirudi lini, dawa za awamu ya pili zinaitwaje, alipata mizunguko mingapi, CT zilifanyika lini na kila moja ilisema nini. Tafiti nyingi za miaka hii zinauliza kama ugonjwa ulirudi ndani ya miezi 12 baada ya tiba ya kwanza au nje ya hapo, na jibu linaweza kumweka kundi tofauti kabisa. Pia huhesabu aina ngapi za tiba amepitia. Kuna tafiti za watu walioshindwa na tiba moja, kuna za walioshindwa na mbili au zaidi. Picha za CT zichukueni kwenye CD, zisiwe karatasi ya majibu peke yake, kwa sababu watafiti wanataka kupima mitoki wenyewe.

Cha tatu ni damu na moyo. Watahitaji figo, ini, chembe nyeupe na chembe sahani, VVU, homa ya ini B na C. Eko ya moyo pia, kile kipimo cha picha kwa mawimbi ya sauti, kwa sababu mojawapo ya dawa za R-CHOP, ile nyekundu, inaweza kuudhoofisha moyo na ina kiwango cha juu ambacho mtu hapaswi kukivuka maishani. Kuwa na VVU hakumfungii mtu mlango kama zamani. Siku hizi zipo tafiti zinazopokea mtu ambaye virusi vyake vimedhibitiwa.

Na hapa ndipo mizizi ya mama inaponitia wasiwasi. Dawa za kuchemsha zinaweza kupandisha vipimo vya ini, na ini likipanda kupita kiwango kilichoandikwa kwenye masharti, mgonjwa anakataliwa hata kama mengine yote yapo sawa. Mwambieni mama kwa upole, na mumpe kazi nyingine, kwa sababu anachotafuta ni kumhudumia mwanawe. Ampikie. Kigezo kimojawapo kikubwa ni nguvu ya mgonjwa. Madaktari wana kipimo kinaitwa ECOG: 0 ni mtu anayefanya shughuli zake zote, 1 ni anayetembea na kufanya kazi nyepesi, na tafiti nyingi huishia hapo, chache hufika 2. Kitalolo, mtori, mayai, maziwa, chochote kinachomfanya ainuke kitandani ni mchango halisi kwenye safari hii.

Sasa utafutaji. Majaribio ya tiba huandikwa kwenye daftari za wazi mtandaoni, na kuzisoma ni bure. Kubwa ni ClinicalTrials.gov ya Marekani, iliyofunguliwa mwaka 2000, na ina tafiti za nchi nyingi, si za Marekani tu. Afrika ina yake, PACTR, inayoendeshwa kutoka Cape Town. India ina CTRI, tangu 2007. Zote ni za Kiingereza, kwa hiyo andika jina la ugonjwa kama lilivyo kwenye ripoti ya patholojia, kisha chagua nchi. Anza karibu: Kenya, Uganda, halafu Afrika Kusini na Misri, ambako barani kwetu ndiko majaribio mengi ya dawa hufanyika. Nairobi mnafika kwa basi. Chagua tafiti zenye neno "recruiting", maana yake bado zinapokea watu, na uangalie tarehe ya mwisho kuhuishwa.

Ile namba ya utafiti aliowatumia mgeni wenu nimeifungua. Utafiti ule umeshafunga kupokea wagonjwa. Mshukuruni, na mmpe kazi inayomfaa zaidi. Mkipata utafiti wa Marekani ulio wazi, yeye ndiye awapigie simu waratibu saa za kazi za huko, aulize maswali mawili kabla ya yote: mnapokea mgonjwa asiye mkazi, na asiye na bima ya huku analipia nini?

Mkipata utafiti unaoelekea kufaa, msikimbilie kuandika barua ndefu ya huruma. Mratibu anataka aya moja: umri, aina ya limfoma, tiba alizopata na tarehe zake, CT ya mwisho, nguvu ya mgonjwa, nchi aliyopo. Jina na pasi vya nini kwa hatua hiyo? Barua itoke kwa daktari wake au daktari awekwe kwenye nakala. Daktari kwa daktari hujibiwa haraka zaidi, huo ndio ukweli wa dunia. Na kama daktari wenu hana muda, hapo Moshi mna hospitali ya KCMC yenye kituo cha saratani, na palepale kuna taasisi ya utafiti, KCRI. Siwaahidi kwamba kuna jaribio la limfoma sugu linawasubiri hapo. Ila ni watu wanaoishi na kazi za utafiti, na mnaweza kuomba mtu wa kuwasaidia kusoma masharti.

Kwa upande wa Tanzania, jaribio lolote la dawa lazima liwe na kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na kibali cha maadili kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Mkialikwa kwenye utafiti wowote nchini, ombeni kuviona. Mtafiti wa kweli hachukii kuombwa.

Ambaye atachukia ni wakala wa kaka. Mwanangu, utafiti hauna ada ya usajili. Narudia kwa ajili ya kaka: hauna. Mtafiti anamhitaji mgonjwa, hamuuzii kiti. Mwaka 2011 nusu ya nchi ilipanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kunywa dawa ya Babu, na sitamcheka aliyekwenda, maana kiu ya kupona naijua. Lakini hata Babu alichukua shilingi 500 kwa kikombe. Huyu wenu anataka dola 1,500 kabla hata hajauliza limfoma ni ya aina gani. Mwambieni awape vitu vitatu: namba ya utafiti kwenye daftari, jina la mtafiti mkuu, na kamati ya maadili iliyoupitisha. Akivitoa, msimpigie kwa simu yake; tafuteni anwani ya watafiti kwenye daftari lenyewe muwaulize kama wanamjua. Pasi na faili msitume. Na mjihadhari na jambo jingine linalowapata hata wasomi: utafiti kuonekana ClinicalTrials.gov hakumaanishi serikali ya Marekani imeukagua na kuupitisha. Daftari lenyewe linasema hivyo. Zipo kliniki zinazojiandikisha humo kisha zinamtoza mgonjwa fedha nyingi, zikijificha nyuma ya neno utafiti.

Hilo la India linahitaji maelezo kidogo, kwa sababu ndani ya uongo wa wakala kuna kipande cha ukweli. Tiba ya CAR-T ni hivi: wanachukua seli za kinga za mgonjwa mwenyewe kwenye damu, wanazibadilisha maabara ziweze kuitambua saratani, kisha wanamrudishia. Marekani iliidhinisha ya kwanza kwa limfoma kubwa za seli B mwezi Oktoba 2017, na bei ya kuanzia ilikuwa dola 373,000, dawa tu, bila kitanda. India nao Oktoba 2023 wakaidhinisha ya kwao, NexCAR19, iliyotokana na kazi ya IIT Bombay na hospitali ya saratani ya Tata Memorial, kwa bei ya chini mno ikilinganishwa na hiyo, ingawa bado ni makumi ya maelfu ya dola. Kwa hiyo India CAR-T inauzwa kama tiba, na mtu akiwaambia ni utafiti wa bure halafu bili ikaanza kusoma, mjue hamko kwenye utafiti. Mko sokoni. Si dhambi kununua tiba, ila mjue mnanunua, mlinganishe bei, na mwombe makadirio ya maandishi kutoka hospitali yenyewe. Mjue pia kwamba tiba hii inaweza kuleta homa kali na kuchanganya fahamu siku za mwanzo, hivyo mgonjwa hukaa karibu na hospitali wiki kadhaa akiwa na mtu wa kumwangalia. Nani ataacha kazi akakae naye?

Umeuliza kama ni bure. Kwa kawaida dawa inayojaribiwa na vipimo vya utafiti hulipwa na mwenye utafiti. Nauli, malazi, chakula, viza, na matibabu ambayo mgonjwa angeyapata hata bila utafiti vinaweza kubaki juu yenu, na Marekani kitanda cha hospitali kwa asiye na bima kinaweza kula vihamba vya ukoo mzima. Kuna tafiti zinazorudisha nauli, ulizeni. Halafu kuna hatua ya uchujaji, ambayo watu hawaijui hadi iwaume: mtu anafika, anasaini, anapimwa, na kipimo kimoja kinamwangusha. Amesafiri na hakuingia.

Ndiyo maana nasema kihamba msikiuze mwezi huu. Mnunuzi anayewaharakisha ana haraka zake. Kuuza kabla ya kuwa na jibu la maandishi kwamba masharti ya karatasi yanaonekana kutimia, na kabla mwenyewe hajasema nataka kwenda, ni kupoteza ardhi kwa ajili ya tetesi. Likifika jibu, na mdogo wako akaamua, hapo ukoo ukae. Huenda mtauza kweli, na sitawalaumu.

Kuhusu panya wa maabara, hofu hiyo ina sababu zake kwenye historia, siidharau. Lakini ujue kwamba matibabu ya limfoma yana deni kwa Afrika Mashariki. Daktari Denis Burkitt alieleza limfoma ya watoto yenye jina lake mwaka 1958 akiwa Kampala, na kituo cha kutibu limfoma kilichofunguliwa huko 1967 ndicho kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Baadhi ya majaribio ya mwanzo ya kuchanganya kemo yalifanyika pale. Karibu zaidi na kesi yenu, usalama wa kumpa rituksimabu mgonjwa wa DLBCL katika hospitali za hali kama zetu umejaribiwa Lilongwe, Malawi. Mdogo wako ana haki ya kupeleka fomu nyumbani, kuuliza mpaka achoke, na kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida. Aulize utafiti uko awamu gani. Awamu ya kwanza hutafuta kipimo salama cha dawa, ya pili huangalia kama inafanya kazi, ya tatu huilinganisha na tiba iliyozoeleka, wagonjwa wakigawanywa makundi mawili kwa kura. Kwenye saratani kali kama hii kundi la pili kwa kawaida hupewa tiba bora iliyopo, haliachwi na maji ya chumvi yasiyo na dawa.

Jambo moja lisiwapotee kwenye msako huu: majaribio si njia pekee iliyobaki, na daktari wenu alikuwa na haraka. Muulizeni kama kuna mchanganyiko mwingine wa kemo haujajaribiwa, kama mionzi inaweza kusaidia uvimbe wa shingoni, na kama uvimbe ukikubali kupungua anaweza kufikiriwa kupandikizwa uloto wake mwenyewe, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Muhimbili walianza upandikizaji huo mwaka 2021, na uvimbe lazima kwanza uonyeshe kutii dawa. Muulizeni pia kuhusu epkoritamabu na glofitamabu, dawa za dripu au sindano zilizoidhinishwa Marekani 2023 kwa limfoma iliyogoma. Kampuni za dawa wakati mwingine hutoa dawa kwa huruma nje ya utafiti, na ombi hilo hupelekwa na daktari, mgonjwa hawezi kuliomba mwenyewe. Na kama ana maumivu au hapati usingizi, tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, ianze sasa, haigongani na utafiti. Hospitali ya Selian kule Arusha wameifanya kwa miaka mingi, na msiiogope kwa kudhani ni ya wanaoaga.

Kwa wiki hii, mwombe daktari ule muda maalumu, na upite maabara kuulizia bloku. Wakala asijibiwe. Mdogo wako akishaambiwa, kama atapenda, aniandikie yeye mwenyewe, tusome pamoja masharti ya utafiti wowote atakaoupata.